Madawati ya Kuazima

Marahaba, wanangu. Salamu zenu zimenifikia, na soda mliyoniletea nimeinywa, ingawa ilikuwa ya moto. Bakari, wewe kiongozi wa hao wenye fulana za njano, uliniambia, "Bibi, tuandikie uzoefu wako, vijana wajifunze." Basi naandika. Ila nakuonya mapema: kama mnatafuta maneno ya kutia moyo, kamwombeni mtu mwingine. Mimi nilitiwa moyo miaka mingi na haukunisaidia kitu.

Nimestaafu kazi ambayo hakuna aliyewahi kuniajiri. Wenzangu niliokuwa nikianika nao nyuzi za mkonge shambani walipostaafu walipewa mabati, mmoja akapewa na baiskeli. Mimi nilipoacha kutetea shule hakuna hata aliyejua kwamba nimeacha. Siku ya mkutano nilikaa nyumbani nikachambua mchicha, na mkutano ukafanyika vizuri tu.

Mnapenda kuniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini, kana kwamba nyinyi mnafanya nyingine. Ilikuwa hii hii. Mwananchi wa kawaida, si mwalimu, si diwani, anasimama mkutanoni na kwenda maofisini kuuliza kwa nini watoto wanakaa chini, kwa nini darasa la watoto wote hao lina mwalimu mmoja, kwa nini choo kimebomoka tangu mvua kubwa na mwaka umepita. Halipwi. Anaitwa kiherehere, anaitwa mjuaji, mumewe anaambiwa amfunge mkewe kamba. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akijibu kwamba kamba aliyokuwa nayo ni ya mbuzi tu.

Nilianza kwa ajili ya watoto wa watu wote. Mwishoni nilikuwa nikipigania mmoja. Mwanangu Zawadi alipoolewa mara ya pili huko Handeni aliniachia binti yake, Rehema, akiwa anaanza kutambaa. Sisi tunakaa Kambini, kitongoji cha ng'ambo ya mto Lwengera, upande wa Magoma, pale zilipokuwa kambi za manamba, wale vibarua wa mkonge. Shule ya msingi iko upande wa pili wa mto. Kiangazi mtoto anavuka akiwa na viatu mkononi. Masika hata ng'ombe hathubutu. Kwa hiyo wadogo wa Kambini walikuwa wakisubiri nyumbani mpaka wapate miguu ya kushindana na maji, na aliyesubiri hivyo aliingia darasa la kwanza akiwa na ndevu zinazokaribia kuota. Mimi niliapa Rehema hatasubiri.

Lakini ngoja kwanza niwaambie ya kazi, maana ndiyo mliyoyaomba.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Shemweta, mstaafu aliyeshuka kutoka Dindira kuja kulima mpunga huku bondeni, na ambaye hakuvua sweta lake hata siku za jua la kupasua kichwa. Mkutano wangu wa kwanza nilikwenda nimejiandaa kwa maneno makali. Mtendaji akaniambia kwa upole sana, "Mama Zawadi, hoja yako nzuri, tumeiweka kwenye mengineyo." Nikafurahi. Nikakaa. Wakajadili mbwa wasiofungwa, wakajadili mchango wa mwenge, wakajadili mipaka ya mashamba mpaka watu wawili wakashikana mashati. Ilipofika mengineyo, akina mama walikuwa wameshaondoka kwenda kupika, wanaume wamehamia kwenye bao, na mimi nikatoa hotuba yangu mbele ya mwenyekiti, mtendaji na mzee mmoja aliyekuwa amelala.

Mwalimu Shemweta alinisubiri njiani. "Umeona mengineyo?" akaniuliza. "Pale ndipo wanapozika. Kuanzia leo usikubali hoja yako iwe kwenye mengineyo. Sema iwe ya kwanza, na kama hawataki, simama wakati wa dua ya kufungua, useme amina kwa sauti halafu uendelee."

Nilifanya hivyo miaka mingi, amina na hoja, amina na hoja, mpaka shehe na katekista wote wawili wakanizoea.

Alinifundisha pia kwamba barua ya kupeleka wilayani iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri mbele ya macho yako, vinginevyo hujapeleka kitu. Alinifundisha nisiende ofisini Jumatatu, kwa sababu Jumatatu wote wako kwenye kikao, wala Ijumaa, kwa sababu Ijumaa kila mtu ameshafika kwao moyoni. Nyinyi siku hizi mnatuma ujumbe kwenye kundi la simu, mtu anajibu kwa kidole gumba, mnasema amekubali. Ofisa anaweza kukutumia kidole gumba akiwa msalani. Nendeni mkamkalie benchi akuone anapotoka kunywa chai.

Makosa nilifanya mengi, na la kuchekesha nililifanya Handeni. Tulialikwa kijiji kimoja cha Wazigua, wakulima, watu wa dini wenye adabu zao, ambako mabinti walikuwa wakikosa shule kwa sababu ya kuchota maji ya mbali. Nikasimama na nguvu zangu za bondeni, nikamnyooshea kidole dada mmoja aliyekaa nyuma: "Wewe mama, simama useme binti yako anaamka saa ngapi." Dada yule akavuta kanga usoni, akainuka, akaondoka. Na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Baadaye bibi mmoja aliniita pembeni. "Mwanangu," akaniambia, "mbele pale amekaa mkwewe. Umetaka afungue mdomo mbele ya mkwewe, aseme mambo ya nyumba yake? Si ungemvua nguo tu." Tangu siku hiyo nikajua kuongea na akina mama kwanza, kisimani, wakingoja ndoo zijae. Mnapokwenda Handeni msisahau hilo. Fulana ya njano haimwondoi mkwe.

Jambo moja nililigundua mwenyewe, hata Mwalimu Shemweta alilikubali. Ukitaka kujua kama shule ina madawati, usitazame madarasani, kwa sababu madarasa yanapangwa mgeni akija. Mtazame mtoto nyuma. Aliyekaa kwenye dawati sare yake inatoboka viwiko. Anayekaa chini, sare yake inatoboka makalio, na vumbi jekundu limeingia kwenye nyuzi kiasi kwamba sabuni hailiwezi. Kwa macho haya nilikuwa nasimama njiani watoto wakitoka, nikijua shule nzima kabla sijaonana na mwalimu mkuu.

Sasa nirudi Kambini.

Serikali ilikuwa imeruhusu shule shikizi, yaani vile vidarasa vya karibu na nyumbani ambavyo watoto wadogo wanasomea mpaka wakue waende shule mama. Tukajenga. Wazazi walikata miti, wakakandika udongo, wakaezeka mabati ya kukusanya, mengine yana matundu ya misumari ya zamani. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akakubali kufundisha kwa debe la mahindi. Rehema alikuwa na miaka sita. Alikaa chini mstari wa mbele, akajifunza kuandika R. Aliiandika ukutani kwangu kwa mkaa, akaiandika mlangoni, akaiandika kwenye mtungi. Nilimgombeza kwa mdomo tu.

Lakini kijana wa mahindi asingekaa daima, na udongo usingehimili masika nyingi. Tulihitaji mwalimu wa serikali, madawati na madarasa ya tofali. Mwalimu Shemweta na mimi tukaandika, tukagongesha mihuri, tukakalia mabenchi ya Korogwe mpaka walinzi wakatuita kwa majina. Misimu ikapita. Mwalimu akaugua, akarudi kwao Dindira, akafia huko kwenye baridi yake. Nikaendelea peke yangu, na hatimaye nikaambiwa kwamba mgeni atakuja kutoka wilayani, azitembelee shikizi mbili, yetu na nyingine ya upande wa mlimani, achague moja ya kuanza nayo mwaka huo. Itakayoonekana ina hali mbaya zaidi ndiyo itakayopata.

Nilirudi Kambini nikikimbia, mtu mzima na umri wangu. Nikamwambia mwenyekiti wetu, Mzee Mhina. "Mtani," nikamwambia, "mgeni anakuja kuona shida yetu."

Huyu Mhina ni Mzigua, na mimi babu yangu aliletwa kukata mkonge kutoka Unyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani. Mnaelewa utani? Nyinyi vijana mnadhani ni kucheka tu. Mtani anaweza kukuzuia usizike maiti wako mpaka umlipe jogoo, na huruhusiwi kununa. Anaweza kusema lolote. Nami nilimpenda Mhina kwa hilo, maana kwa miaka yote alinitukana na mimi nikamtukana, na hoja zangu zilipita katikati ya kicheko.

Siku ya mgeni nilipelekwa Korogwe asubuhi kumwongoza dereva, kwa sababu njia ya Kambini inapotea kwenye mkonge. Tukaja naye, bwana mpole, suruali imenyooka, ananiuliza habari za mvua. Gari lilipokata kona ya mwisho sikuitambua shule yangu.

Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa. Nyufa zote nilizozijua zimemezwa. Njia imefagiwa na kupangwa mawe. Ndani, madawati. Madawati mazima, yamepangwa mistari, watoto wamekaa wameshika kingo kama watu walio juu ya mtumbwi, maana wengi wao walikuwa hawajawahi kukalia dawati. Nje, masufuria mawili ya pilau. Trekta lililokuja na madawati lilikuwa limefichwa nyuma ya nyumba ya Mhina, na tela lake lilionekana kidogo.

Nilimvuta Mhina kando. "Mtani, mmefanya nini?"

"Tumefagia," akasema, jasho linamtoka kwa furaha. "Shule ya kule barabarani wametuazima hadi saa kumi. Tulilala macho, Mama Zawadi, hata akina mama wamepaka chokaa."

"Nimemleta aone shida!"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa amwage chakula. "Mgeni hakai chini," akasema. "Ningemkalisha wapi? Unataka arudi akasimulie kwamba Kambini hata mahali pa kumweka mgeni hawana? Mgeni akija kwako, unamtandikia mkeka uliotoboka?"

Na hapo ndipo mtanielewa, wanangu, kwamba hakuna adui katika hadithi hii. Ningemjua adui ningemkalia benchi. Watu wangu walikuwa wamefanya kile walichofundishwa na mama zao: shuka zuri ni la mgeni, kuku mnono ni wa mgeni, shida ni yako wewe, ifiche chini ya kitanda. Walikesha kwa mapenzi. Nami nilitamani kuwapiga bakora mmoja mmoja.

Mgeni akaingia darasani, akatabasamu, akaandika. Nikaona mambo yanakwisha. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Mheshimiwa, madawati haya si yetu. Usiyatazame. Nakuomba uwasimamishe watoto, wageuke, uwatazame makalio."

Kisha Mhina akaangua kicheko, kile kicheko chake cha misibani. "Mheshimiwa, utusamehe! Huyu ni mtani wetu, Mnyamwezi huyu! Tangu babu yake aje na kirago hajawahi kusema neno la maana. Leo anataka kukuonyesha makalio!"

Kijiji kizima kikaanguka kwa kicheko. Akina mama wakashikana mabega. Watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka, Rehema naye alicheka, amekalia dawati lake la kuazima. Mgeni akacheka mpaka akatoa kitambaa. Nilipiga kelele, "Sitanii! Sitanii, Mheshimiwa!" na kila niliposema sitanii walizidi kucheka, kwa kuwa mtani mzuri ndivyo asemavyo. Yule bwana akaniwekea mkono begani, akasema, "Mama, umenifurahisha sana. Nyumbani kwetu pia tuna watani." Akala pilau. Akasifu usafi. Akaondoka.

Saa kumi trekta likaja kuchukua madawati.

Shikizi ya mlimani ndiyo iliyopata. Sisemi hawakustahili. Nilikuja kusikia kwamba wao walikuwa na madawati machache mazuri na waliyafungia stoo siku hiyo, mgeni akakalia jiwe. Watu wenye akili zao. Sisi tuliambiwa kwamba hali yetu inaridhisha na tuwe na subira.

Nilimwendea Mhina. Sikuwa na utani. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa mkayasoma. Akasema, "Mwakani watatukumbuka, Mama Zawadi. Mgeni aliyekula vizuri husahau?" Masika ile ile akampeleka mjukuu wake kwa shangazi yake Korogwe mjini akasome huko. Mimi shangazi wa mjini sikuwa naye.

Tena niliyelaumiwa ni mimi. Wanawake niliowatetea walinyamaza nilipofika bombani. Mmoja akaniambia wazi, "Ulitaka kutuvua nguo mbele ya mgeni, Mama Zawadi. Bahati mtani wako alikufunika." Nilichota maji nikaondoka. Nilirudi ofisini, ndiyo, niliandika tena, niligongesha tena. Nilijibiwa kwamba ripoti ipo, na ripoti inasema Kambini wana shule nzuri, watu wakarimu na wacheshi.

Kijana wa mahindi akapata kazi ya bodaboda. Masika ikaja, udongo ukalainika, ukuta wa nyuma ukalala chini pamoja na chokaa yake. Hakukuwa na mtoto ndani, na kwa hilo nashukuru. Watoto wakarudi nyumbani kusubiri miguu irefuke.

Rehema alivuka mto na kuanza tena darasa la kwanza akiwa mkubwa kuliko wenzake wote. Wakamwita Mama Darasa. Alikaa nyuma ili asionekane, na mwalimu mmoja mwenye watoto wasiohesabika hawezi kuuona mstari wa nyuma. Akapandishwa darasa, akapandishwa tena, hakuna aliyemuuliza kama anasoma. Kisha akaacha. Mtasema, bibi, wewe unajua kusoma, si ungemfundisha? Nilijaribu. Nilichelewa, maana siku nyingi nilikuwa Handeni na Korogwe nikihangaikia watoto wa wengine, na niliporudi nikamkuta msichana mwenye kifua, anayeona haya kuandika R mbele ya bibi yake. Akasema, "Bibi, acha. Nauza machungwa, nahesabu pesa, inatosha." Nikaacha. Hilo ndilo linalonichoma kuliko hata pilau ya Mhina.

Sasa, Bakari. Mwezi uliopita mlifanya mkutano wenu pale stendi ya Korogwe, na spika kubwa, na muziki. Uliona msichana mwenye beseni la machungwa, mrefu, mchangamfu, anayewajibu makondakta kwa maneno ya mjini. Ukamwambia, "Dada, unafaa, njoo utusomee tamko la vijana, sekunde tu." Ukampa karatasi na kipaza sauti. Aliitazama karatasi, akakurudishia, akasema macho yanamuuma siku hiyo. Ukasema pole, ukampa mwingine, yule akasoma vizuri, mkapiga makofi. Usiku ule ule ukanitumia picha: "Bibi, tumepiga hatua!"

Yule ni Rehema wangu.

Macho yake ni mazima. Basi likiwa bado darajani, yeye ameshalijua linakwenda Arusha au Lushoto, na anakimbia na beseni kabla wenzake hawajainuka. Analijua kwa rangi.